Kwa nini mlichangia kichefuchefu changu?



Mwaka jana mwezi wa Julai, vijana watatu wa VIWAWA parokiani kwetu tulipanda ngalawa na nahodha mmoja mzee, tukatoka Kunduchi kwenda Bagamoyo. Kwa tanga tu, bila mashine. Kwa baharini ni zaidi ya kilomita 40. Tulikuwa tumetangaza kwenye magrupu ya WhatsApp kwamba anayependa atuchangie kwa kila kilomita, na hela ziende kwa akina mama wenye fistula. Upasuaji wenyewe pale CCBRT ni bure. Lakini mama akiondoka nyumbani kwa wiki kadhaa, watoto wanaobaki wanakula nini? Tulitaka kusaidia hapo.

Mimi si mtu wa bahari, nimezaliwa Dodoma. Tulipoacha kivuli cha kisiwa cha Mbudya, kusi ikatushika kutoka nyuma, mawimbi yakawa yanaiinua ngalawa na kuishusha kama mtu anayepepeta mchele. Ngalawa haina pa kujificha. Kabla ya saa tano asubuhi nilikuwa nimetapika chai, mihogo na heshima yangu yote. Mwenzangu akachukua simu, akanirekodi.

Basi, video ile ndiyo iliyoleta hela. Nasema kweli. Mapicha yetu ya kupendeza pale ufukweni, na yale maelezo marefu niliyoandika usiku mzima, watu waliweka dole gumba wakapita. Nilipoanza kutapika, simu ikawa haiachi kulia. "Pole kaka, ongeza kilomita tano kwangu." "Jamani huyu anakufa, mtumieni!"

Nahodha aliuliza tunacheka nini. Tulipomweleza, alinyamaza kidogo, akaiweka sawa kamba ya tanga, akasema, "Mimi baba yenu napita hapa kila siku ya Mungu. Mbona hakuna anayenichangia?"

Tulicheka tena. Ila lile swali lilinikaa.

Wiki iliyofuata nilikwenda kumsalimia mama mmoja wa jumuiya yetu. Yeye aliishi na fistula miaka mingi kabla ya kutibiwa. Ambao hamjui inavyotokea: uchungu ukichukua siku mbili tatu bila msaada, kichwa cha mtoto hukandamiza nyama laini kwenye nyonga mpaka damu haipiti. Nyama hiyo inakufa, linabaki tundu, na mkojo unatoka wenyewe usiku na mchana. Mara nyingi mtoto naye hupotea. Mama huyu amepona kabisa, lakini mpaka leo kanisani anakaa benchi la mwisho karibu na mlango. Anasema ni mazoea.

Mwezi mmoja kabla ya safari yetu alisimama baada ya Misa akaeleza habari zake, mbele ya watu wote. Mnajua ujasiri huo? Kikapu kikapita, kikarudi chepesi. Watu walitazama chini.

Aliniandalia chai, akaniambia taratibu, "Mwanangu, nimeiona video yako. Wewe umeumwa asubuhi moja, na ulijipeleka mwenyewe. Mimi sikujipeleka. Kwa nini wewe wamekuona?"

Sikuwa na jibu. Bado silo kamili, lakini nimefika hapa: mateso ya kujitakia yanapendeza kuyatazama kwa sababu yana mwisho unaojulikana. Ukinichangia mimi, unajua jioni nitakuwa nimeoga na kula samaki. Mateso ya yule mama yana harufu, yana aibu, na yanakudai kitu ambacho M-Pesa haiwezi kutuma. Ndiyo maana tunatazama chini.

Je, basi nilifanya vibaya? Wapo wanaosema sadaka ya namna hii ni maonyesho tu, bora kutoa kimyakimya. Sikubaliani nao moja kwa moja. Mtoto aliyekula uji kwa hela zile hakuuliza zilitoka kwenye video gani. Lakini naona kama nilikopeshwa macho ya watu, na deni hilo sijalilipa.

Nimesoma tena Marko sura ya 5. Yesu ametoka tu kushuka mashuani, anakuja Yairo, mtu mkubwa, anayeomba mbele za watu, na umati mzima unafuatana naye. Njiani yupo mwanamke aliyetokwa damu miaka 12, anapita kwa nyuma, hataki kuonekana. Amepona tayari. Yesu angeweza kuendelea na safari. Akasimama, akauliza nani amemgusa, akasubiri mpaka mwanamke aseme yote. Na Yairo alingoja, mtoto wake akiwa mahututi! Miaka yote nilikuwa nikiruka kipande hicho.

Nilimwomba mama yule aje tumrekodi, naye apate nafasi. Akakataa. "Sitaki video. Waambie tu kwamba fistula inatibika. Na mwanamke akishikwa na uchungu, wasingoje siku ya pili." Haya, nimewaambia. Nikamuuliza kama turudie safari mwaka huu. Akasema twende, ila safari hii tumuulize mapema hela zinahitajika wapi.

Nimesahau kusema habari ya nahodha. Siku ile Bagamoyo, watu walipokuwa wanapiga picha na sisi, nilimlipa ujira wake pembeni. Akahesabu, akatoa noti ya elfu kumi, akaikunja akanirudishia mkononi. "Hii ya hao kina mama," akasema, akaenda kukunja tanga.