Bwana, Usimwache Mkeo Aende Kliniki Peke Yake



Wapendwa wanandoa, Injili ya Marko yatusimulia habari za mama aliyetokwa damu miaka 12, akamaliza mali yake yote kwa waganga. Alipogusa vazi la Bwana, Yesu hakumwuliza ugonjwa ule aliutoa wapi. Alimponya, akamwaga kwa amani.

Hapa kwetu Laini Saba, mama akiambiwa kwamba ana virusi vya HPV, yupo bwana ambaye neno lake la kwanza ni, "Ulikuwa na nani?" Nyumba huingia moto siku hiyo.

Akina baba, tusikilizane. Karibu saratani zote za mlango wa kizazi hutokana na virusi hivi, ambavyo huambukizwa kwa kujamiiana. Watu wengi huvipata wakati fulani maishani, na mara nyingi mwili huvishinda wenyewe. Vikibaki, huweza kukaa kimya miaka 10 au 20 kabla saratani haijatokea. Mwanamume huvibeba bila kuhisi lolote. Hivyo hata mama ambaye hajamjua mwingine ila mumewe aweza kuugua. Majibu ya kliniki si ushahidi wa uzinzi.

Hatari huongezeka kwa kuanza mapema mambo ya ndoa, kuwa na wapenzi wengi (wa mke au wa mume), sigara, kuzaa mara nyingi, na zaidi virusi vya Ukimwi.

Mwaka 2020 ilikadiriwa kuwa wanawake zaidi ya 3,000 walikufa nchini Kenya kwa saratani hii. Wengi huchelewa. Kumbe kipimo kimoja ni cha dakika chache tu: muuguzi hupaka siki mlangoni mwa kizazi, na panapogeuka peupe huweza kutibiwa kabla hapajawa saratani. Akina mama wa miaka 25 hadi 49 huhimizwa kupimwa hata wasipoumwa. Anayetokwa damu baada ya tendo la ndoa au baada ya kukoma hedhi asingoje hata wiki. Kwa mabinti ipo chanjo, ambayo serikali ilianza kuitoa bure Oktoba 2019.

Bwana, mbele ya altare uliahidi kuwa naye katika afya na ugonjwa. Basi keti naye kwenye benchi la kliniki.

Mjadiliane leo jioni: Mama alipimwa lini mara ya mwisho? Majibu yakiwa mabaya, tutaambiana nini?