Asili ya Jina na Daftari la Ubatizo

Mtu wa Busia au wa Tororo aliyezaliwa katika zama zetu, ambaye jina la familia yake limeandikwa katika kitambulisho chake na katika vyeti vya shule vya wanawe, aghalabu hudhani ya kwamba jina hilo limemshukia kutoka kwa babu wa mababu kama shamba lishukavyo kwa warithi, na ya kuwa, akipata idhini ya kufunua madaftari ya kale ya parokia, yawe ya Dabani au Nagongera, yawe ya Nangina au Chakol, atalifuata ukurasa kwa ukurasa hata amfikie yule wa kwanza aliyelichukua. Akiyafunua hukuta jambo jingine kabisa. Vizazi viwili au vitatu nyuma jina lile hukatika: baba wa babu yake ana jina lake peke yake, nduguye wa tumbo moja ana lake, na mzazi wao ana la tatu, wala hapana neno moja linalowafunga wote watatu kuwa nyumba moja isipokuwa mstari ule walimoandikwa.

Kwa sababu hiyo swali linalozuka hapo si la tarehe peke yake. Ikiwa jina tulilolidhania la jadi limeanza juzi, asili ya mtu iko wapi: katika jina alilopewa, katika damu aliyozaliwa nayo, au katika kalamu ya yule aliyemwandika? Wahenga walisema mwacha asili ni mtumwa, lakini hawakutufafanulia asili hiyo hutambulikanaje, na mtu hawezi kuishika wala kuiacha asili asiyoijua.

Yafaa kwanza kukumbuka kwamba madaftari hayo hayakuanzishwa kwa ajili ya wapenda nasaba. Mtaguso wa Trento, katika kikao chake cha mwaka 1563 kilichohusu ndoa, uliwaamuru maparoko waulize, kabla ya kumbatiza mtoto, ni nani waliochaguliwa kumpokea kutoka katika maji ya ubatizo, na majina ya hao wasimamizi yaandikwe kitabuni. Kwani baina ya msimamizi na mbatizwa ulizaliwa udugu wa kiroho uliozuia ndoa, na pasipo maandishi udugu huo ungesahauliwa. Sheria za Kanisa za mwaka 1917 zilirithi shauri hilo na kulipanua, zikataka yaandikwe majina ya mbatizwa, ya aliyembatiza, ya wazazi na ya wasimamizi, pamoja na mahali na siku, na tena ndoa yake itakapofungwa baadaye ikumbukwe katika mstari ule ule wa ubatizo. Daftari, basi, lilikuwa ushahidi wa wajibu: nani amejifunga kwa nani, na kwa ajili ya nani atajibu mbele ya Mungu.

Ushahidi huo uliletwa katika nchi hizi na mapadri wa Mill Hill, shirika lililoanzishwa Uingereza na Herbert Vaughan mwaka 1866, ambao kundi lao la kwanza liliwasili Uganda mwaka 1895 pamoja na Askofu Henry Hanlon, kuihudumia Vikarieti ya Upper Nile iliyokuwa imetengwa mwaka mmoja kabla. Miongoni mwao walikuwamo Waingereza, Waholanzi na watu wa Tirol, na nyuma yao walifuata makatekista waliozoea Kiganda, lugha iliyokuwa imekwisha kuenea Bukedi, mashariki mwa Uganda, kwa nguvu ya Semei Kakungulu, jemadari wa Kiganda, na maakida wake. Mtoto wa Kisamia au wa Kiteso, kwa hiyo, jina lake lilitamkwa na mama, likasikiwa na katekista, likaandikwa na padri, na kila mmoja wa watatu hao alikuwa na sikio lake na lafudhi yake. Anayepekua kurasa hizo asistaajabu akilikuta jina moja limeandikwa kwa tahajia mbili au tatu, wala asijenge hoja ya nasaba juu ya herufi moja.

Na waliokuja kuandikwa walikuwa na elimu yao ya majina, nayo ilikuwa nzito. Mtoto aliyezaliwa wakati wa mvua aliitwa Okoth kwa Wapadhola, Okiru kwa Wateso, Wafula kwa Waluhya. Aliyezaliwa usiku aliitwa Othieno, au Okware, au, akiwa binti wa Kisamia, Nabwire. Na mapacha pamoja na anayewafuata walikuwa na majina yao yasiyobadilika. Zaidi ya hayo kulikuwa na majina ya marehemu, aliyejitokeza ndotoni kudai akumbukwe, au aliyetajwa mbele ya kitoto kinacholia hata kikanyamaza. Majina ya namna hiyo hayakukusudiwa kuwa alama ya nyumba. Mahali pa nyumba palishikwa na ukoo, na ukoo ulihifadhiwa kwa miiko yake, kwa makaburi yake, na zaidi ya yote kwa sharti la kutooana walio wa damu moja. Jina lilikuwa la mtu mwenyewe, na kama lilirithiwa, lilirithiwa kutoka kwa marehemu mmoja, si kutoka kwa baba kwa kuwa ni baba.

Husemwa mara nyingi kwamba Kanisa liliyafuta majina hayo na kuweka ya watakatifu. Yako mengi ya kulaumiwa katika vitendo vya watu, lakini insafu yataka isemwe kwamba sheria yenyewe haikuamuru hivyo. Kifungu cha 761 cha mwaka 1917 kiliwaagiza maparoko wajitahidi mbatizwa apewe jina la Kikristo, na wakishindwa, waongeze jina la mtakatifu juu ya lile waliloliweka wazazi, kisha waandike kitabuni yote mawili. Na sheria za mwaka 1983 zimeridhika na kutaka tu jina lisiwe geni kwa hisia ya Kikristo. Hata Elijah Masinde, aliyewaita watu wa nchi ya Elgon warudi kwa mizimu ya wazee katika Dini ya Msambwa, dini iliyopigwa marufuku na serikali ya kikoloni mwaka 1948, aliendelea kujulikana kwa jina la nabii wa Israeli.

Kilichozaa jina la familia ni serikali na shule zaidi kuliko altare. Kodi ya nyumba ilihitaji jina lisilobadilika mwaka hata mwaka. Sheria ya Kenya ya mwaka 1915, iliyotekelezwa baada ya Vita Vikuu vya Kwanza, ilimtaka kila mwanamume Mwafrika aliyefikia miaka 16 achukue kipande cha utambulisho. Na mwalimu naye, akiwa na wanafunzi kadha wa kadha wenye jina moja, akawatofautisha kwa kuongeza la baba. Tujaalie mzee Wandera wa Samia alikuwa na wana wawili, Ouma na Ojiambo. Wajukuu wa mmoja leo ni familia ya Ouma, wa mwingine ni familia ya Ojiambo, na wakikutana Jinja au Nairobi watapeana mikono kama wageni, ilhali mzee wa ukoo akiwasikia wanataka kuoana atasimama na kuwakataza. Kinyume chake, wapo wenye jina la Okoth, mmoja wa Tororo na mwingine wa Siaya, ambao hawana undugu wowote unaojulikana. Jina la familia, basi, huwatenga walio ndugu na kuwafananisha wasio ndugu.

Mpaka nao ukaja ukazidisha mashaka. Hadi mwaka 1902 nchi zote hizi zilikuwa chini ya Uganda. Mwaka huo jimbo la mashariki likahamishiwa himaya iliyokuja kuwa Kenya. Kanisa lilichelewa kuufuata mkasi huo, kwa kuwa Upper Nile iliendelea kuchunga pande zote mbili mpaka mwaka 1925, ilipotengwa Kavirondo kwa upande wa Kenya. Tororo yenyewe ikapata askofu wake mwaka 1951. Katiba ya Uganda ya mwaka 1995 humhesabu kuwa raia wa kuzaliwa yule aliyezaliwa Uganda ambaye mzazi wake au babu yake au bibi yake ni wa jamii zilizokuwamo ndani ya mipaka tarehe 1 Februari 1926, na katika orodha ya jamii hizo wamo Wateso, Wasamia, Wagwe na Wapadhola, ambao jamaa zao wa karibu wako ng'ambo ya mito ya Malaba na Sio wakiwa Wakenya. Hivyo mstari ulioandikwa na padri kwa ajili ya wokovu wa roho waweza leo kutafutwa kwa ajili ya pasipoti.

Tukirudi kwenye swali letu, vitabu vya dini havikuliepuka. Matayo anamtaja baba yake Yosefu kuwa Yakobo, Luka anamtaja kuwa Eli, na Julius Africanus, mwanachuoni wa karne ya tatu, akalitatua kwa kusema kwamba Eli alikufa bila mtoto, Yakobo nduguye kwa mama akamrithi mjane, hata Yosefu akawa mwana wa mmoja kwa damu na wa mwingine kwa sheria. Msomaji wa Ulaya huona jawabu hilo kuwa la ajabu. Mzee wa Samia au wa Padhola hana haja ya kufafanuliwa, maana kwao watoto waliozaliwa na mjane aliyerithiwa walihesabiwa kuwa wa marehemu. Qurani, kwa upande wake, katika Surat al-Ahzab, inaagiza wana wa kulea wanasibishwe na baba zao wa kweli, na kwa agizo hilo Zaid, mwana wa kulea wa Mtume Muhammad, akarudi kuitwa bin Haritha. Lakini papo hapo inasema kwamba wasiojulikana baba zao ni ndugu katika dini. Injili yalinda haki ya aliyetimiziwa wajibu, Qurani yalinda haki ya ukweli wa damu, na zote mbili zakataa mtu aachwe bila wa kumdhamini.

Hapo ndipo ninapoiona maana ya daftari la ubatizo. Halina asili ya jina la familia, kwa kuwa jina hilo lilizaliwa nje yake, na kwa nasaba ndefu halishindi kumbukumbu ya wazee, ambayo Bethwell Ogot na Gideon Were waliitegemea katika vitabu vyao vya historia ya Waluo na Waluhya vilivyotoka mwaka 1967. Lakini lina kitu ambacho jina la familia limekitupa. Jina la familia hubeba baba mmoja na kuwasahau wengine wote. Daftari humtaja mama kwa jina lake, na sheria ya mwaka 1917 ilitaka hata pale baba asipojulikana, mama aandikwe ikiwa umama wake wajulikana au akiomba mwenyewe. Humtaja msimamizi, mtu asiye wa damu aliyekubali kujibu kwa ajili ya mtoto wa mwenzake. Kama asili ya mtu ni wale waliojifunga kwake kabla hajaweza kujifunga kwa yeyote, basi asili hiyo imeandikwa pale kwa ukamilifu kuliko katika kitambulisho chochote.

Kwa hiyo, wewe msomaji utakayejaliwa kukifunua kitabu hicho, usinakili jina la babu peke yake ukaridhika. Nakili mstari mzima, na jina la mama na la msimamizi kwanza, kisha nenda kwa wazee ukaulize ukoo wa kila mmoja wao ungali wazee wapo, na utakayoyapata uwaandikie wanao.