Nunueni Wakati wa Giza

Wanafunzi mnaochangia sufuria moja hapa Kigoma, kabla ya kugombana nani hajatoa hela ya mboga, tazameni mwezi. Dagaa wa Tanganyika huvuliwa usiku kwa taa. Mbalamwezi ikikolea, taa haziwavuti vizuri, wavuvi wengi hupumzika na bei hupanda. Basi changeni wakati wa giza, mmoja aende mwalo wa Kibirizi anunue dagaa wakavu wa kutosha, na mawese kwa lita, si kwa kipimo cha kila jioni. Michango iandikwe daftarini, wote waione. Deni lisiloandikwa huvunja urafiki. Mwaka 2024 uvuvi ziwani ulifungwa kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15 ili samaki wazaliane. Kwa majira kama hayo, maharage ya Kasulu yanunuliwe mapema.