Chumba kimoja cha chini

Ramadhani ikikaribia, nyumba yenye mtoto mwenye ulemavu wa akili haikosi mgeni mlangoni. Unaletwa unga, mchele, tende, mara nyengine kiti cha magurudumu na mpiga picha nyuma yake. Mwenyezi Mungu awalipe waliotoa. Najua vitu vile hupokewa kwa shukrani ya kweli. Lakini Shawwal ikiandama, mama anabaki na mwanawe na siku ndefu mbele yake, na kinachomkosesha usingizi ni saa. Nani atakaa na mtoto kuanzia alfajiri mpaka adhuhuri, ili naye akatafute riziki?

Hapa Malindi, Zanzibar, riziki ya wengi iko dikoni. Samaki hunadiwa asubuhi, na mchuuzi akichelewa anakuta masalio. Wapo kina mama wanaonunua pale, wakaenda kukaanga na kuuza, na faida ya siku ndiyo chakula cha usiku. Mwenye mtoto asiyejiweza hana mengi ya kuchagua: ambebe, amwachie dada wa mtoto ambaye siku hiyo hatokwenda skuli, au amfungie chumbani. Simlaumu anayefunga mlango. Nyumba zetu za Mji Mkongwe ni za ghorofa, ngazi zake nyembamba na zimesimama wima, na zipo familia masikini zinazopanga chumba cha juu. Mtoto asiyetembea akishafika miaka tisa, kumshusha mgongoni ni kazi ya mwanamme mwenye nguvu. Mama akishaumia mgongo, mtoto hulijua jua kwa dirisha tu.

Wengi wetu tunadhani tiba ya watoto hawa iko hospitali: apelekwe, atazamwe, apone au asipone. Ulemavu wa akili hauondoki kwa dozi. Kuna mtoto aliyekosa hewa wakati wa kuzaliwa, kuna aliyepata manjano kali siku za mwanzo, aliyeugua homa ya uti wa mgongo, aliyezaliwa na kromosomu moja ya ziada. Wote hawa wanajifunza, ila polepole, kwa jambo lile lile kurudiwa leo, kesho na kesho kutwa. Mtaalamu anaweza kumwona mtoto kwa nusu saa. Kinachobakia ni cha mtu aliye karibu naye kila siku, na mtu huyo lazima awe amefundishwa.

Niliwahi kukaa pembeni nikatazama mtaalamu akimfundisha mama mmoja namna ya kulisha. Mtoto alikuwa na mtindio wa ubongo, na alizoeshwa kula amelala chali, kichwa kimeanguka nyuma, uji unamiminwa. Kila mlo alipaliwa, na kifua hakikumwacha, kwa sababu uji ulikuwa ukiingia njia ya pumzi. Mtaalamu akamkalisha wima, nyonga zimeegemea vyema, nyayo zimekanyaga, kidevu kimeinama kidogo. Kijiko kikaja kwa mbele, usawa wa mdomo, kikasimama. Akangoja. Tukangoja sote. Mtoto akasogeza mdomo, akaufumba juu ya kijiko. "Kumbe anaweza!" mama akasema, na akaomba apewe kijiko ajaribu mwenyewe. Kile kiti alichokalia mtoto kilikuwa cha maboksi, yamebandikwa tabaka juu ya tabaka kwa gundi ya unga mpaka yakawa magumu kama ubao, kikakatwa kwa kipimo cha mwili wake. Hakuna kilichoagizwa kutoka Ulaya. Kilichohitajika ni ujuzi, na mtu mwenye subira.

Zanzibar haikulala katika jambo hili. Umoja wa Watu Wenye Ulemavu upo tangu 1985. Mwaka 1999 ikaundwa jumuiya inayoshughulikia watu wenye ulemavu wa akili, ZAPDD, ambayo wazee wa watoto hawa wamekuwa nguzo yake, na imefanya kazi kubwa kusukuma elimu mjumuisho katika skuli za serikali. Baraza la Wawakilishi lilipitisha sheria ya haki na fursa za watu wenye ulemavu mwaka 2006, na Tanzania ikaridhia mkataba wa Umoja wa Mataifa kuhusu haki hizo mwaka 2009. Hayo yote nayaheshimu. Hata hivyo mtoto haanzii darasani. Asiyeweza kukaa, kushika, au kuonesha kuwa anataka kwenda chooni, anahitaji miaka ya malezi ya mchana kabla ya skuli, na wengine watahitaji malezi hayo umri wao wote.

Wala katika malezi hayo hatuanzi na ukurasa mtupu. Mpango wa madrasa za awali ulioanzia Mombasa mwaka 1986 ulifika Zanzibar mwaka 1990, kwa msaada wa Taasisi ya Aga Khan. Kina mama wa mtaani walifundishwa ualimu wa watoto wadogo, michezo ikatengenezwa kwa vifuu, makuti na vitambaa, na jamii yenyewe ikasimamia. Watu walioweza lile, wanaliweza na hili.

Ninachokitaka Malindi ni chumba kimoja cha chini, kisicho na ngazi, chenye choo, maji na mikeka. Walezi wawili waliofundishwa wawepo kila siku, na mtaalamu wa viungo apite mara moja kwa wiki kuwaonesha zoezi linalofuata. Mlango ufunguliwe saa kumi na mbili asubuhi, kwa sababu mnada haumngoji mzazi.

Chumba tunacho. Mji Mkongwe umejaa nyumba za wakfu, zilizowekwa na watu waliotaka sadaka yao iendelee baada ya wao kuzikwa, na Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana ndiyo yenye kuzisimamia. Vituo vya aina hii hufa mfadhili anapoondoka, kwa kuwa posho ya walezi hukatika kwanza. Kwa hivyo ombi langu kwa Kamisheni, na kwa yeyote mwenye nyumba anayefikiria kuweka wakfu leo, ni vitu viwili pamoja: chumba hicho, na duka moja la kukodisha ambalo kodi yake italipa walezi.