Je, Aliyeacha Mashua ni Mwoga?

Wahenga walisema: kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Ni onyo jema. Lakini yako mambo yasiyopimika kwa methali hiyo.

Siku hizi watu hushuka mto Colorado, huko Marekani, kwa boti za mpira, wakiongozwa na wajuzi wa maporomoko yake. Mwaka 1869 haikuwa hivyo. Meja John Wesley Powell, aliyekuwa amepoteza mkono wa kuume vitani, aliongoza safari ya mashua za mbao kulichunguza bonde la Grand Canyon. Tarehe 27 Agosti walifikia maporomoko ya kutisha, na chakula kilikuwa karibu kwisha. Oramel Howland, nduguye Seneca, na William Dunn waliona kwamba kuendelea ni kujiua. Kesho yake waliagana na wenzao, wakapanda majabali wakitafuta makao ya watu. Powell aliandika baadaye kwamba kila upande uliuona ule mwingine ndio unaokwenda hatarini.

Wale sita waliobaki walipita salama, na baada ya siku mbili wakakuta watu. Wale watatu hawakurudi kamwe. Kisha, katika mnara wa ukumbusho uliozinduliwa ukingoni mwa bonde hilo mwaka 1918, majina yao hayakuandikwa, kwa kuwa walihesabiwa watoro.

Je, hiyo ni haki? Sisi twasema sivyo. Kanisa latufundisha fadhila kuu nne: busara, haki, nguvu na kiasi. Busara ndiyo iongozayo nyingine. Nguvu isiyo na busara ni ujeuri tu. Tena Amri ya Tano yatuagiza kuutunza uhai, nao ni mali ya Mungu. Wale watatu walipima kwa mwanga waliokuwa nao. Mwisho wa safari hakuna aliyeujua, na Mungu hamhukumu mtu kwa asilolijua.

Wazazi, jambo hili li karibu nasi. Kijana akikataa kuogelea mto uliofurika, wenziwe humcheka. Naye kwa kuogopa kicheko hicho hujitosa. Tumfundishe kwamba kusema “hapana” mbele ya wenzake wote kwahitaji moyo mkuu. Na jirani aliyeshindwa katika shauri aliloliamua kwa nia njema, tusimfute jina lake katika heshima yetu.