Taa Zinawaka, Lakini Je?

Desemba nilikuwa nyumbani Kitale kumsaidia Mzee kuuza trekta yake, Massey Ferguson 135, ya kabla mimi sijazaliwa. Taa za mbele zilikuwa zimekufa. Nikavuta waya mpya kutoka kwa betri hadi swichi, bila fyuzi. Zikawaka! Mzee akasema, "Si zinawaka? Basi."

Usiku sikulala vizuri. Balbu mbili za wati 55 kwa betri ya volti 12 zinavuta zaidi ya ampea 9, na waya wangu ulikuwa ule mwembamba wa redio, tena unapita karibu na tangi la dizeli. Ukichunwa na bati siku moja, hakuna cha kukata umeme. Chuoni tulifundishwa kwamba mnunuzi ndiye wa kukagua mali. Sawa, lakini atakaguaje nilichoficha chini ya boneti? Hajauliza, nami sijamwambia uongo. Lakini kumwachia aone taa zinawaka, si ni kumwambia waya ni sawa?

Asubuhi niling'oa zote. Waya nene, fyuzi ya ampea 15. Mzee alinuna. Mnunuzi alikuja saa tisa mchana, jua kali, hata hakuwasha taa.