Kura, Nasibu na Yakini

Jioni moja, katika chumba cha kukodi huko Area 23, mtaa wa mji wa Lilongwe, Malawi, ambao nambari yake haimwambii mgeni lolote juu ya majirani zake, kwa kuwa nambari za mitaa ya mji ule hazifuatani kama nyumba za barabara moja, nilikuwa nikiwaeleza vijana saba waliokusudia kusoma saikolojia misingi ya elimu ya takwimu, na hasa ile sehemu inayowatia hofu wanafunzi wengi: namna ya kuipima dhana kwa hesabu, ili ijulikane kama tofauti iliyoonekana baina ya makundi mawili ya watu ina asili yake, au imeletwa na nasibu tu. Binti mmoja, mzaliwa wa Uvira, Kongo, aliyeletwa katika kambi ya wakimbizi ya Dzaleka akiwa mgongoni mwa mama yake, aliweka kalamu chini akaniuliza: “Mwalimu, huyo nasibu ni nani? Sisi nyumbani tulifundishwa kwamba hakuna linalotokea ila Mungu amelijua. Sasa nikiandika katika mtihani kwamba jambo limetokea kwa nasibu, si nitakuwa nimemkana?”

Nilimjibu upesi, na jibu langu lilikuwa dhaifu. Nilisema kwamba nasibu ni jina tunaloupa ujinga wetu, kisha nikaendelea na somo. Haukupita muda ikaja amri ya serikali ya mwaka 2023 iliyowataka wakimbizi wanaoishi mijini warudi kambini. Chumba kile kikafungwa, na darasa, kwa kadiri lilivyosalia, likahamia Dzaleka. Swali la binti yule lilihama pamoja nasi, nami sikupata raha mpaka nilipokaa nalo kwa utulivu linaostahili.

Wala lisidhaniwe kuwa ni swali la pambo. Dzaleka, katika wilaya ya Dowa, palikuwa gereza katika enzi ya Rais Kamuzu Banda, na tangu mwaka 1994 pamekuwa makimbilio ya watu wa Kongo, Burundi, Rwanda na kwingineko. Pametengwa kwa ajili ya watu 10,000 hivi, au 12,000 kwa wingi, na sasa wanaishi zaidi ya 50,000. Katika mahali kama hapo, ndugu wawili waliovuka mto Songwe, mpaka wa Tanzania na Malawi, usiku mmoja, kwa mtumbwi mmoja, mmoja huitwa baada ya miaka michache kwenda kuanza maisha mapya katika nchi ya mbali, na mwingine huzeeka akisoma majina ubaoni. Mama mzazi wao akiuliza kwa nini huyu na si yule, ataambiwa na mmoja kuwa ni bahati, na mwingine kuwa ni majaliwa, na wa tatu atanong’ona kuwa pana mkono wa mtu. Majibu hayo matatu, nasibu, kadari na hila, ndiyo majibu ambayo elimu ya takwimu inajaribu kuyapambanua, au walau kutuzuia tusiyachanganye.

Wako wanaodhani kwamba elimu hii ilizaliwa mikononi mwa watu wasiomjali Mungu. Sivyo. Mwaka 1710 John Arbuthnot, tabibu wa Malkia Anne wa Uingereza, alitoa makala ya kuthibitisha kwa hesabu kuwako kwa maongozi ya Mwenyezi Mungu. Alizichukua daftari za ubatizo za London za miaka 82, tangu 1629, akaona kwamba katika kila mwaka, bila hata mmoja kuhalifu, wavulana walizidi wasichana. Akasema: ikiwa kuzaliwa mtoto mume au mke ni kama sarafu irushwayo, basi mwaka mmoja wa wavulana kuzidi hauna nafasi kubwa kuliko nusu, na miaka miwili mfululizo ni robo, na miaka 82 mfululizo ni sehemu moja katika hesabu yenye tarakimu 25. Jambo lililo mbali kiasi hicho na nasibu haliwezi kuwa la nasibu. Basi ni la Mungu, aliyewazidisha wanaume kidogo kwa kuwa wao hufa zaidi katika kazi za hatari, ili kila mwanamke apate mume wake. Hakuishia hapo, bali akaongeza kwamba kwa dalili hiyo hiyo kuoa wake wengi ni kinyume cha sheria ya maumbile.

Naiheshimu imani ya tabibu huyo, na hesabu yake ni sahihi. Lakini safari aliyosafiri kutoka katika hesabu hata kufika katika ndoa za watu ni ndefu kuliko alivyojua. Mwanahisabati Nicolas Bernoulli wa Basel alimjibu baada ya muda mfupi kwamba yote yale yangetimia hata kwa mchezo wa dadu, ilimradi dadu hiyo iwe na pande 35, pande 18 za wavulana na 17 za wasichana. Yaani alichokibatilisha Arbuthnot ni dhana moja tu, ile ya sarafu iliyo sawa pande zote mbili. Baada ya kuibatilisha, mlango ulibaki wazi kwa maelezo mengi, nayo yale aliyoyapenda yalikuwa mojawapo. Kosa hili ninalikuta kila mwaka katika madaftari ya wanafunzi wangu, na nimelikuta katika vitabu vya watu wakubwa: mtu akishaiondoa nasibu, hukiweka kitini kile alichokuja nacho moyoni.

Liko kosa jingine lililo jirani yake, nalo ni la siri zaidi. Hesabu ya kupima dhana hujibu swali moja: lau nasibu ingekuwa peke yake inatenda, ni mara ngapi tungeona matokeo kama haya au yaliyozidi haya? Haijibu ni mara ngapi nasibu ndiyo iliyotenda. Kusema kwamba mvua ikinyesha udongo hulowa si kusema kwamba udongo ukilowa mvua imenyesha. Huenda jirani amemwaga maji ya kufulia. Hata hivyo msomi aliyepata jibu la mbili katika mia hutangaza kwamba dhana yake ina yakini ya tisini na nane katika mia, na hapo neno yakini, ambalo wazee wetu walilitumia kwa hadhari kubwa, hugeuzwa kuwa bidhaa ya rejareja.

Ili vijana wayaone haya kwa macho, niliwapa mfano. Tuseme mtu aliyelemewa na huzuni ana nafasi ya nusu kwa nusu ya kupata nafuu mwezi ujao hata asipozungumza na yeyote. Nasi tumekaa na watu kumi wa namna hiyo tukawasikiliza, wanane wakapata nafuu. Nasibu peke yake ingetupa wanane au zaidi mara 56 katika 1,024, yaani kidogo zaidi ya tano katika mia. Wangalikuwa tisa, zingekuwa mara 11 tu katika 1,024. Na kwa kuwa mwanatakwimu Ronald Fisher, katika kitabu chake cha mwaka 1925, aliona mpaka wa tano katika mia kuwa unafaa kwa matumizi, wengi waliomfuata wamekuwa kwa wanane wananyamaza na kwa tisa wanapiga ngoma. Mpaka huo ni kama mpaka wa Songwe, ambao mto wenyewe haukuujua mpaka watu walipoufanya. Una manufaa yake, kwani bila mpaka wowote kila mtu angejihukumia apendavyo; lakini kuudhania umeshuka kutoka mbinguni ni kuabudu jiwe tulilolichonga sisi. Matunda ya ibada hiyo yalionekana mwaka 2015, wakati watafiti walipoyarudia majaribio 100 ya saikolojia yaliyokuwa yamechapishwa, takriban yote yakiwa yamejitangaza kuwa yamevuka mpaka, na yaliyouvuka tena yakawa kiasi cha 36 katika mia. Niliposoma habari hiyo niliwafikiria watu walioyategemea yale mengine.

Na je, pale ambapo mpaka haukuvukwa? Hapa naomba msomaji anivumilie, maana jambo hili linagusa maisha ya watu ninaoishi nao. Kutopata dalili ya kuibatilisha dhana si kuithibitisha. “Sikuona” ni neno la macho yangu, na “hakuna” ni neno la ulimwengu wote. Wanatakwimu Jerzy Neyman na Egon Pearson walionyesha mwaka 1933 kwamba anayehukumu katika shaka hukabiliwa na makosa mawili, kuikataa dhana iliyo kweli na kuikubali iliyo uwongo, na kwamba akipunguza moja pasipo kuongeza ushahidi huliongeza la pili. Na wao wenyewe walitoa mfano wa hakimu, anayepaswa kufikiri lipi ni baya zaidi, kumfunga asiye na hatia au kumwachilia mwenye hatia. Hesabu haiwezi kumchagulia. Wanazuoni wa fikihi walilitambua hilo zamani walipoweka kanuni kwamba yakini haiondolewi na shaka, na kwamba asili ya mtu ni kuwa huru na madai mpaka idhihirike vingine: walijua kwamba kila hukumu huanza mahali fulani, na kwamba mahali pa kuanzia huamuliwa kwa insafu kabla ushahidi haujaletwa.

Niliwahi kumsindikiza mzee mmoja katika mahojiano ya kuomba hifadhi, katika ofisi ambayo sina haja ya kuitaja. Aliulizwa tarehe ya kuchomwa kijiji chao. Akasema ni wakati wa kuvuna maharage. Akaulizwa tena baada ya saa moja, akasema mvua zilikuwa zimekwisha anza; na tofauti hiyo ikaandikwa. Kitabu cha mwongozo cha shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa, kilichotolewa kwanza mwaka 1979, kinafundisha kwamba mwombaji ambaye maelezo yake kwa jumla yanaaminika, shaka iliyobaki imfae yeye. Lakini mhojaji aliyekuwa mbele yetu alikuwa ameanza mahali pengine, akidhani kwamba aliyeshindwa kuthibitisha amethibitishwa kuwa mwongo, na mzee yule akarudi Dzaleka kwa miguu yake akiwa na karatasi ambayo hakuweza kuisoma. Tangu siku hiyo siwezi kufundisha somo la makosa mawili nikiwa nimeketi.

Sasa nairudia nasibu ya binti yule, na njia yangu kwake inapita Nakivale, makazi ya wakimbizi ya kusini-magharibi mwa Uganda. Huko Frank Neuner na wenzake walifanya utafiti uliochapishwa mwaka 2008 juu ya wakimbizi 277, Wanyarwanda na Wasomali, waliokuwa wakisumbuliwa na majeraha ya nafsi yatokanayo na vita. Waliochaguliwa kuwa waponyaji si matabibu bali ni wakimbizi wenyewe waliofunzwa. Kwa njia ya nasibu, watu 111 walipata tiba ya kuisimulia historia ya maisha yao tangu mwanzo, 111 wakapata ushauri wa namna nyingine, na 55 hawakupewa tiba ila walifuatwa na kuulizwa hali. Baada ya miezi tisa, katika kundi la kwanza kiasi cha 70 katika mia hawakuwa tena na maradhi yale, katika la pili 65, na katika la tatu 37.

Binti alipolisikia hili alikunja uso. “Na wale 55, Mwalimu? Nani aliwahukumia?” Nikamwambia: kura. Na neno lenyewe halikuja kwetu na vitabu vya takwimu. Kwa kura Nabii Yunus alitupwa baharini. Kwa kura za kalamu aliteuliwa wa kumlea Maryamu. Kwa kura Mitume walimpata Mathiya ashike nafasi iliyoachwa na Yuda. Na katika kitabu cha Mithali hukumu ya kura hutajwa kuwa ni ya Bwana. Watu hao wote walimwamini Mungu kwa dhati, wala hawakuona kwamba kupiga kura ni kumkana. Walipiga kura pale haki zilipolingana, na pale kila mmoja alipojua kwamba moyo wake umekwisha mwelekea mtu. Lau waponyaji wa Nakivale wangaliachiwa wachague wenyewe, wangalimchukua jirani kabla ya mgeni, au mwenye tumaini kabla ya aliyekata tamaa, na hatimaye tusingejua kama ni tiba iliyoponya au ni tumaini alilokuja nalo mgonjwa. Katika kura Mungu haondolewi. Tunaoondoka ni sisi, na upendeleo wetu.

Hata hivyo sikumficha kwamba uhalali wa kura una mipaka. Ni halali maadamu hatujui lipi litafaa, na maadamu vilivyopo havimtoshi kila mtu. Siku tukijua, kumnyima mtu kwa kura ni dhulma, hata iandikwe kwa hesabu nzuri namna gani. Na wale 55 tunawiwa nao deni kubwa, kwani bila wao tungaliyahesabu mapona yote 70 kuwa ni kazi ya tiba, ilhali 37 katika mia waliopona bila tiba wanatuonya kwamba nafsi ya mwanadamu, kwa neema isiyotegemea ustadi wetu, hujaribu kujiinua yenyewe. Ama kuhusu 70 na 65, tofauti yake haikutosha kuthibitisha kwamba tiba moja inaipita nyingine, ndipo nilipomwuliza binti kama basi tiba hizo ziko sawa, naye akafikiri kitambo, akasema, “Hapana, Mwalimu. Ni kwamba bado hatujaona.”

Mwezi uliofuata vijana walitaka kufanya jaribio lao dogo: kujua kama kuimba pamoja kabla ya mtihani huwapunguzia watoto wahaka. Watoto 24 walijitolea, kwa idhini ya wazazi wao, na waliokosa kuimba kwanza waliahidiwa kuimba katika mtihani wa pili. Tuliandika majina katika vipande vya karatasi vilivyo sawa, tukavikunja, tukavitia katika kopo tupu la maziwa. Kabla hatujaanza kuvuta, binti wa Uvira aliomba ruhusa asali. Tukasimama, akasali kwa maneno machache, tukaitikia amina. Kisha akalifunika kopo kwa kiganja, akalitikisa, akalipindua, akalitikisa tena kwa muda mrefu kuliko nilivyowafundisha, akageuza uso pembeni asiyaone majina, akanyoosha mkono akaanza kuvuta.